Darasa la usalama kwa wazazi na watoto mtaani kwetu, tuwaweke pamoja au tuwatenganishe?

mama_uyole

Habari za jioni wapendwa, huku Mbeya baridi ndo limeshaanza kubisha hodi, naandika nikiwa ndani ya blanketi kwahiyo mkiona herufi zimekosewa jueni vidole vimeganda.

Naomba mawazo hasa ya nyie mlioko huku kwetu nyanda za juu. Mwezi wa nne mwanangu wa miaka mitatu alivuta kitambaa cha meza, birika la chai likamjia mkononi, kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Mimi nilikuwa nje naanua nguo, mvua ilikuwa inanyemelea. Nasikia yowe, naingia ndani nakuta dada wa kazi ameshampaka dawa ya meno mkono mzima mweupe pee, jirani anakuja mbio ameshika yai, bibi mmoja mpangaji mwenzetu anasema leteni unga wa ngano, yani nyumba imejaa wataalamu na mimi mama mtu nalia tu. Tukapanda bajaji mpaka zahanati. Nesi wala hakugomba. Alianza kuitoa ile dawa ya meno taratibu kwa maji, mtoto analia mpaka sauti inakata, mimi nimegeukia ukutani siwezi kutazama, alafu akaniuliza huku anaendelea na kazi yake, "mama, kwenu hamna maji?"

Jamani. Bomba liko nje ya mlango wa jikoni, hatua hazifiki sita.

Mtoto amepona, kabaki na alama, ila lile swali halijanitoka. Nikalisema kwenye kikao cha VICOBA na ikawa kama nimewafungulia watu midomo, kila mtu ana lake. Mmoja mwanae alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, mwingine alikuta wanawasha kiberiti uvunguni mwa kitanda, mwingine mtoto alipaliwa na karanga wakampiga piga kichwani. Kichwani! Basi tukakubaliana tuanzishe darasa, Jumamosi mbili kwa mwezi, mwenyekiti wa mtaa katupa ofisi na mhudumu wa afya wa mtaa amesema atakuja.

Sasa wazazi na watoto wakae pamoja au tuwatenganishe? Tuanze na lipi, maana kila mtu anataka la kwake ndo litangulie. Wababa tunawapataje? Na posho je, maana kuna mtu ameshauliza kama kutakuwa na bahasha na darasa lenyewe halijaanza. Karibuni.

kijana_wa_mafiati

naweka kigoda hapa nasubiri wataalamu. ila hiyo ya yai imenikumbusha mbali, mi nilipakwa yai nikiwa darasa la pili mpaka leo siwezi kula mayai ya kukaanga, ile harufu

Sista Njombe

Pole sana mama. Mimi ni muuguzi, nipo mkoa wa Njombe, na huyo mwenzangu aliyekuuliza namwelewa kabisa kwasababu kazi ya kwanza tukimpokea mtoto aliyeungua huwa siyo kutibu, ni kufuta. Tunafuta asali, tunafuta mafuta ya kula, dawa ya meno, unga, siku moja nilifuta gresi ya baiskeli.

Mtoto akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kwa saa siyo kwa kukadiria. Siyo barafu. Bangili, pete, uzi wa mkononi vua mapema kabla hapajavimba, nguo vua isipokuwa ile iliyogandia kwenye ngozi, hiyo iache. Na kwa huku kwetu ambako maji ya asubuhi yanauma kama pini mfunike mtoto blanketi sehemu nyingine zote ibaki nje ile iliyoungua tu, maana dakika 20 ni nyingi na mtoto mdogo anapoa haraka. Hata kama ulichelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Ukimaliza funika na kitambaa safi, malengelenge usipasue, njoo hospitali.

Ila ukiniuliza muanze na lipi, kwa mwezi huu siyo kuungua. Anzeni na jiko la mkaa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane watu wanaingiza jiko chumbani wanalala nalo, na wanajua moshi ni mbaya, hapo ndo kuna mtego, wanasubiri jiko liwake nje mpaka moshi uishe kabisa mkaa uwe mwekundu mzuri ndo wanaliingiza na kufunga madirisha, wanaona sasa ni salama. Hewa inayoua haina moshi, haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu inakaa pale pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, anataka kutapika, anasema ni malaria au uchovu, anajifunika vizuri analala. Nimeshapokea baba na watoto wawili alfajiri, walioamka ni kwasababu mdogo aliomba kwenda kujisaidia akaanguka mlangoni, baba akashtuka kwa kishindo. Chumba hicho kilikuwa kimezibwa magazeti mpaka kwenye matundu ya juu ya dirisha. Walipona wote watatu.

Jiko linatoka nje kabla ya watu kulala, hata likiwa limebaki majivu ya moto. Na ukimkuta mtu amezidiwa fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa kwanza, maswali baadaye.

Mnyalukolo halisi

Kamwene wote. Sisi hapa Iringa, maeneo ya Kihesa, tulijaribu kitu kama hicho miaka mitatu iliyopita kikafa mwezi wa pili kwahiyo nakupa uzoefu wa marehemu.

Kosa letu la kwanza tulifanya semina. Viti vimepangwa, meza ya wageni ina kitambaa, mtu anasimama anasoma karatasi saa mbili, watu wanasinzia, mwisho wanauliza posho. Na wakiuliza ni haki yao, ukimkalisha mtu kama kwenye semina atataka vya semina. Ukimweka jikoni anashika ndoo na mwiko nani atakuumiza kichwa na posho? Nyie pikeni chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, wekeni sufuria katikati, inatosha.

Kitu kimoja tu kilichofanya kazi kwetu kilitokea kwa bahati. Mwalimu aliyekuwa anashika watoto aliwatuma nyumbani wakatafute kila chupa ambayo ndani yake kuna kitu tofauti na kilichoandikwa nje. Basi. Binti yangu ana miaka minane, kaja kukagua nyumba na kidaftari. Mimi nina bustani ya nyanya. Uvunguni mwa kitanda changu akatoa chupa ya juisi ina dawa ya kupulizia nyanya, nusu, rangi yenyewe ukiangalia ni juisi kabisa. Niliimiminia mimi mwenyewe kwasababu kopo lilikuwa linavuja. Akaandika kwenye kidaftari "baba, chupa moja, chini ya kitanda" alafu Jumamosi akasoma mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini mtaa mzima siku ile walikwenda kukagua uvunguni.

jicho_la_tatu

hapo kwenye sumu niongezee, mtoto akinywa mafuta ya taa mpe maziwa fasta na umtapishe, bibi yangu alikuwa anafanya ivo na tupo hai wote

Sista Njombe

Hapana hapana @jicho_la_tatu, naomba hili lisisomwe na mtu akaishia hapo. Mafuta ya taa hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu, na ukimtapisha ndo unayapa njia ya kwenda huko. Usimtapishe, usimpe maziwa, mlete hospitali haraka pamoja na hiyo chupa, na kama ni dawa ya shamba njoo na kopo lenye karatasi yake maana matibabu yanategemea ni dawa gani. Kama imemmwagikia mwilini vua nguo, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Bibi yako Mungu ambariki, mlipona kwa neema.

Na ya karanga aliyosema mleta uzi. Aliyepaliwa kama anakohoa kwa nguvu mwache akohoe, usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona. Akishindwa kukohoa wala kulia ndo unaingilia. Mtoto chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano, haijatoka mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, rudia. Mkubwa kuliko hapo ni mgongoni mara tano kisha unasimama nyuma yake unaminya tumbo juu kidogo ya kitovu kuelekea ndani na juu, mara tano. Haya hayafundishiki kwa kusoma, tafuteni mdoli mjaribu kwa mikono.

dereva_wa_shaba

Mimi naendesha semi, Tunduma Dar, kwahiyo hapo Uyole kwenu napita sana. Kwenye hilo darasa msisahau barabara jamani, maana mmekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia na watoto wa shule wanavuka kama wanavuka uwanja wa nyumbani.

Ntasema kitu ambacho walimu hawasemi. Mtoto anafundishwa angalia kulia, kushoto, kulia tena, ni sawa kabisa. Lakini anadhani akiniona mimi basi na mimi nimemuona. Semi ukiwa umekaa juu pale, mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya bampa hata kofia yake huioni. Ubavuni upande wa kushoto ndo kabisa. Na nikiwa nimepakia alafu nateremka, iwe Mlima Nyoka au kule Mbalizi, hata nikikuona saa hiyo hiyo nikakanyaga breki mzigo bado unanisukuma, lori silo baiskeli.

Nawapa ofa. Nikiwa na mapumziko nitaleta kichwa cha lori, nakizima, funguo anashika mwenyekiti wenu. Watoto wanapanda mmoja mmoja wanakaa kwenye kiti changu, wenzao kumi wanasimama mbele na ubavuni, yule wa juu anahesabu anaowaona. Niliwahi kufanya na wanangu na binamu zao, walikuwa tisa chini, mdogo kahesabu watatu. Hajawahi kuvuka mbele ya gari lililosimama tena, hata daladala.

mwl_mstaafu_tukuyu

Nimefurahi kusoma. Kuhusu pamoja au kutenganisha, jibu langu ni vyote viwili lakini kwa mpangilio. Moto, maji, barabara, sumu, kunawa mikono, hayo pamoja, na ikiwezekana mtoto ndiye amwonyeshe mzazi.

Lakini kuna somo moja ambalo lazima utenganishe, nalo ni la mtoto kushikwa shikwa na watu. Watoto waambiwe kwa lugha yao kwamba mwili ni wao, sehemu zinazofunikwa na chupi hazichezewi na mtu, na mtu mzima akimwambia hii ni siri yetu mimi na wewe usimwambie mama, hiyo ndiyo ya kuja kusema. Wazazi kwao waambiwe jambo gumu zaidi, kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu, na mtoto akisema asipigwe wala asiambiwe anamsingizia mjomba. Mkiwaweka chumba kimoja kwenye somo hili, mtoto atanyamaza kwasababu mjomba mwenyewe amekaa benchi la nyuma. Mualikeni afisa ustawi wa jamii wa kata au askari wa dawati la jinsia na watoto. Namba 116, ya simu ya kuomba msaada kwa watoto, ni bure, watoto waimbe mpaka waishike kama wimbo wa shule. Zimamoto ni 114, polisi 112.

Kuhusu wababa, acheni kuwaalika kama wanafunzi. Sisi tuliwaomba waje kutengeneza uzio wa kisima cha shule ya awali. Wakaja na misumari yao. Wakimaliza kupigilia tukawaonyesha kwanini kile kisima kilihitaji uzio.

dada_wa_makete

mi nimesoma uzi wote toka juu na kuna mtu mmoja mmemtaja mara moja tu alafu mkampita

mleta uzi umesema dada wa kazi alipaka dawa ya meno. sawa. na darasa mnaita la wazazi na watoto. sasa naomba niulize, siku ile mtoto anaungua ndani alikuwa nani? mzazi alikuwa nje anaanua nguo, na siku nyingine zote mzazi yuko kazini kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni. aliyebaki na mtoto ni dada, au bibi, au kaka yake wa darasa la nne

mi nilikuwa dada wa kazi Mbeya mjini miaka mitatu kabla sijaanza biashara yangu. nilitoka kijijini najua kuni tu. nafika nakuta jiko la gesi, boss akaniambia "kuwa makini na hilo jiko" akaondoka kazini. ndo mafunzo yote hayo. sikujua gesi ikinukia unafanyaje, siku moja imenukia mi nikaenda kuwasha taa nione inatoka wapi. kuwasha taa! Mungu tu. baadae sana ndo nikaja kujua unafunga kwenye mtungi, unafungua madirisha, hugusi swichi yoyote unatoka nje na mtoto

na simu nilikuwa nayo lakini vocha hamna, namba ya boss nilikuwa nayo ya zamani. mtoto alipata degedege mchana, jirani akaja na kijiko anataka kumwingiza mdomoni nikakataa, siyo kwamba nilikuwa najua ila niliogopa atamvunja meno. nilimlaza ubavu tu nikakaa nae nalia. kumbe ndo ilivyotakiwa, nesi alisema hivyo. boss alivyorudi jioni wala hakuuliza nilifanyaje, aliuliza kwanini hukunipigia

huyo dada alipaka dawa ya meno kwasababu hakuna mtu alishawahi kumwambia maji. sijasema kwa ubaya

kijana_wa_mafiati

duh. nimekaa kimya

mama_uyole

Dada wa Makete nimekusoma mara mbili. Sitajitetea. Yule binti siku ile nilimfokea njia nzima kwenye bajaji, mbele ya dereva, na yeye ndo alikuwa amembeba mtoto. Jana usiku nimemuita nikamuomba msamaha, akacheka kwa aibu akasema mama mbona ilishapita, lakini alikaa pale jikoni mpaka saa nne usiku ananiuliza maswali. Moja aliuliza kwanini kile kitufe cha jiko ukikibonyeza kinatoa cheche. Yuko kwangu mwaka na nusu.

Kwahiyo nimebadilisha tangazo. Nimeandika kwa mkono kwenye manila kadi, "Kwa kila anayebaki na mtoto nyumbani". Mwenyekiti alitaka aongeze mstari wa mgeni rasmi nikamwambia hamna mgeni rasmi.

Mnyalukolo halisi

Bila mgeni rasmi na mwenyekiti akakubali? Huyo mwenyekiti mtunzeni.

Swali tu, mabosi watawaruhusu hao madada Jumamosi? Maana Jumamosi ndo siku ya kufua.

dada_wa_makete

hawatawaruhusu. wekeni siku ya kliniki. kwenye foleni ya kupima uzito nusu ya wanaobeba watoto na kadi ni madada, wapo pale pale benchini hawana pa kwenda

Sista Njombe

Wazo zuri kuliko yote humu. Kaongeeni na mganga mfawidhi wa zahanati yenu, robo saa tu kabla ya kuanza kupima, somo moja kwa mwezi. Jumamosi ibaki kwa watoto na wababa.

mama_uyole

Narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Kliniki tumeanza Jumanne, mfawidhi alitupa robo saa tukatumia nusu saa hakugomba. Jumamosi tulikuwa wanawake kumi na mmoja, watoto sikuhesabu ila viazi viliisha, wababa wanne na mmoja wao alikuja kumfata mkewe akabaki. Jiko la mkaa ndo tulianza nalo kama sista alivyosema. Mzee mmoja alibisha sana, yeye amelala na jiko toka enzi za mkoloni, mpaka mwenzake wa kijiweni akamwambia enzi za mkoloni nyumba yako ilikuwa ya nyasi, moshi na hewa vinapita popote, sasa hivi una bati na dirisha la kioo, ukifunga umefunga. Akanyamaza. Hiyo hoja hata mimi sikuwa nayo.

Kisha tukafanya ya maji. Dada wangu wa kazi ndo aliweka mkono chini ya bomba, kijana wa darasa la sita ameshika simu anahesabu muda. Watu walidhani dakika 20 ni kitu kidogo. Dakika ya nne wakaanza kuuliza bado? Ya tisa yule bibi wa unga akasema mtoto wa watu mtamgandisha, akaenda kumletea khanga mabegani. Hakuna aliyeondoka, wote tumesimama tunaangalia mkono mmoja kwenye maji mpaka simu ikalia.

@dereva_wa_shaba upo? Watoto wanauliza lori linakuja lini.

dereva_wa_shaba

Nipo kwenye foleni Tunduma siku ya tatu leo. Nikitoka hapa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nipo kwenu saa nne asubuhi. Tafuteni sehemu tambarare, na viazi mniwekee.